Mkeka Wetu Mama Ngina na Moshi Uliotufuata



Jumapili moja ya msimu wa kusi, baada ya sala ya Alasiri, tulifunga mlango wa nyumba tukapanda tuktuk mbili: sisi na mama watoto, binti yetu na wanawe watatu, mkeka mmoja wa ukindu, chupa ya chai, kikapu cha mahamri na kachri za muhogo. Tulikuwa tumewaahidi watoto Mama Ngina tangu Ijumaa, na ahadi ya mtoto, kama mjuavyo, hailali.

Asiyepajua mahali hapo na tumweleze. Ni ukingo wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, pale bahari inapoanza kuingia kuelekea Kilindini. Upande wa bara pana mibuyu mikongwe, mingine haikumbatiwi na watu sita walioshikana mikono. Upande wa pili mwamba wa matumbawe washuka ghafla majini. Meli za makontena hupita karibu hata mtoto aliyeanza kusoma huweza kuzitamka herufi za majina yake, na mbele kidogo feri za Likoni huvuka na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya themanini twapakumbuka palipokuwa barabara na ukuta mfupi tu. Wenye magari waliyaegesha yakielekea bahari, wakala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Wasio na magari wakaketi ukutani, wakala mihogo ile ile. Kisha serikali ikapajenga upya, na tarehe 20 Oktoba 2019 sherehe za Mashujaa za nchi nzima zikafanyika hapo. Leo pana njia za kutembea, ngazi pana za kukalia, taa za usiku, na wauzaji wa madafu, mabuyu na kahawa waliojipanga kwa utaratibu ambao wao wenyewe ndio waujuao.

Watu wa kwetu hawaendi pale kwa sababu ya uzuri tu. Jamaa nyingi za Majengo, Kibokoni na Tononoka huishi vyumba viwili ghorofani, na dirisha likifunguliwa huona dirisha la jirani. Hawana ua wala upenu. Ua wao ni huu wa Mama Ngina, na kivuli cha mibuyu ile ndicho kivuli pekee ambacho mtoto wao huweza kukimbia chini yake bila kuambiwa na mtu, "Usiguse, si chako."

Tulitandika mkeka chini ya mbuyu mmoja, tukamimina chai. Mjukuu wetu wa katikati, msichana wa miaka sita, ana pumu. Hutembea na dawa yake ya kuvuta kwa mdomo ndani ya kimkoba chenye picha ya samaki, na mama yake hukikagua kimkoba hicho kabla ya kukagua funguo za nyumba. Hatukuwa tumemaliza kikombe cha kwanza tulipouhisi moshi. Mabwana watatu walikuwa wameketi kwenye ukuta wa baharini, hatua kama kumi kutoka kwetu, wakizungumza kwa upole na kuvuta sigara. Hawakuwa wahuni. Mmoja alituamkia kwa heshima tulipopita.

Hapa tuwaombe wasomaji wauzingatie upepo. Mara nyingi tumeambiwa, na wakati mmoja tuliamini, kwamba moshi wa mahali pa wazi hauna neno, kwani hewa huutawanya. Ni kweli kwamba nje moshi hupungua upesi kuliko chumbani. Lakini upepo wa kusi hautawanyi ovyo, una njia yake. Katika msimu huo hutoka baharini kuingia nchi kavu, nao wavutaji hupenda ukuta wa baharini kwa sababu ndipo penye mandhari. Kwa hivyo kila pumzi waitoayo huletwa moja kwa moja chini ya mibuyu, walipo kina mama na watoto.

Mtoto akaanza kukohoa. Tukahama. Tulitandika mkeka mara ya pili karibu na ngazi. Hapo nako kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni na sigara yake, akimsubiri mtu. Tukahama tena, mara hii mbali, karibu na mnara wa taa ambao vijana huuita Laithausi. Tukadhani tumesalimika. Baada ya muda mfupi mtoto akainua pua na kutabasamu. "Babu," akasema, "kuna mtu ana peremende ya embe."

Hapakuwa na peremende. Nyuma yetu, kwenye benchi, walikuwa vijana wanne, na mkononi mwa mmoja palikuwa na kifaa kidogo cha rangi ya samawati, mfano wa kalamu nene. Ilikuwa ile sigara ya umeme iitwayo vepu. Alitoa wingu jeupe kubwa kuliko la sigara yoyote, lenye harufu ya embe bivu, nalo likatufikia sote mkekani. Mtoto alivuta pumzi kwa nguvu ili ainuse vizuri zaidi, akidhani ni kitamu. Dakika chache baadaye kifua chake kikaanza mluzi tuujuao. Mama yake akafungua kimkoba, akampa dawa, na sisi tukashika mgongo wake mdogo tukihesabu pumzi. Alhamdulillah, dawa ilifanya kazi. Lakini kuna hesabu ambazo mtu akishazihesabu mara moja hutaka kumwuliza mtu fulani swali.

Tulipogeuka kuwaendea vijana wale, yule mwenye kifaa alisimama ghafla. "Shikamoo, maalim," akasema, na mkono ukaingia mfukoni.

Alikuwa mwanafunzi wetu. Jina lake halina haja hapa. Ana miaka 16, mwenye sauti ambayo wazee wa msikiti huomba aadhini, na pumzi ndefu ya kisomo ambayo hatujapata kwa mwanafunzi mwingine miaka mingi. Tulimwomba atupe kile kitu. Akakitoa. Kilikuwa chepesi, na bado kina joto.

"Lakini maalim, hii si sigara," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mvuke tu. Kama wa buli la chai."

Hatukumkemea mbele ya wenzake. Tulimwonyesha mtoto aliyelala kwenye paja la mama yake, tukamrudishia kifaa chake, tukaondoka. Hadi leo hatuna hakika kama kumrudishia lilikuwa jambo la sawa. Mama watoto anasema halikuwa.

Twende kwenye lile neno lake, kwamba ni mvuke tu. Mvuke wa buli ni maji. Ndani ya vepu hamna maji yanayochemka; mna kimiminika cha kemikali, gliserini na viungo vya kutia ladha, na aghalabu nikotini, ambavyo hupashwa moto kwa betri hadi vikawa ukungu wa chembe ndogo mno ziingiazo mapafuni. Nikotini ndiyo ile ile imfungayo mvuta sigara, na ubongo wa kijana, ambao huendelea kukua hadi kiasi cha miaka 25, hufungika upesi zaidi. Ama sigara yenyewe, moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 katika hizo zajulikana kuwa husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wao wenyewe, walikuwa karibu na wavutaji tu. Hatudai kwamba wote hao waliuvutia moshi huo bustanini, la hasha. Wengi waliuvutia majumbani na makazini. Lakini mwenye pumu hangoji saratani ya miaka thelathini ijayo. Yeye huhitaji dakika tano za upepo mbaya.

Wala nchi yetu haikulala. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, ikapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na sheria hiyo ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Mwenye kuvuta mahali pa umma palipokatazwa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6. Wengi wenu mwakumbuka tofauti iliyoonekana: matatu zilizokuwa tanuri zikapumua, mikahawa ikafuta masizi ya dari. Ila macho makubwa ya watu yalikuwa kwenye kuta na mapaa. Chini ya mbuyu, mtu atabishana nawe hadi Magharibi kama hapo ni mahali pa umma au ni pwani ya Mungu. Na sheria ilipoandikwa, vepu ilikuwa kitu kigeni. Mswada wa kuirekebisha ulifikishwa Seneti mwaka 2024, ili vepu na vile vipakiti vya nikotini vya kuweka mdomoni viingie chini ya udhibiti.

Jumatatu yake tulikwenda mjini kwa shughuli nyingine, tukapitia ile bustani ndogo ya Treasury Square iliyo na sanamu ya Allidina Visram. Tuliketi kwenye benchi moja kumngoja mtu, na kwa kuwa macho yalikuwa yameshafunguka, tukahesabu vichungi vya sigara vilivyokuwa miguuni petu. Vilikuwa 37, chini ya benchi moja. Kichungi cha sigara si pamba kama kionekanavyo, ni aina ya plastiki, na mvua ikinyesha kisiwani kote njia ya maji ni moja: baharini, walipo samaki tunaowala Ijumaa. Tukapita pia Uhuru Gardens, penye Mapembe, ambapo wazee hulala mchana. Huko moshi ulikuwa kidogo, kwani watu wenyewe walikuwa wachache.

Tukiri jambo hapa, ili msomaji asidhani twazungumza kutoka juu ya mimbari. Sisi pia tulivuta. Tulikuwa wanafunzi wa madrasa wa miaka kumi na minane, watatu, na sigara moja tuliyoigawana nyuma ya kisima baada ya Isha. Yaliendelea hivyo kiasi cha miaka mitatu. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakututafuta kisimani. Siku moja alitusimamisha mbele ya wenzetu akatupa aya ndefu tuisome kwa pumzi moja. Tukakatika katikati, mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Kaeni," akaendelea na darasa. Kwa hivyo tunapomwona mvutaji hatumwoni adui. Twajua jinsi mkono unavyokwenda mfukoni wenyewe.

Kuhusu hukumu ya tumbaku, wanazuoni walikhitilafiana tangu mmea huo ulipoingia nchi za Kiislamu zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Wako walioikirihisha tu, na wako walioiharamisha, na kadiri madhara yake yalivyodhihirika ndivyo wengi wa zama zetu walivyoelekea kuiharamisha. Hilo tuliache kwa darasa lake. Suala la bustani halingoji lisuluhishwe. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha vikali dhidi ya mtu kujisaidia njiani wapitapo watu au kwenye kivuli wanapopumzika. Jambo lenyewe, kukidhi haja, si dhambi, ni maumbile. Kosa ni mahali. Kivuli kina haki, kwa sababu kina wenyewe wengi. Alimtaka pia aliyekula vitunguu thaumu vibichi akae mbali na msikiti hadi harufu imtoke, ilhali kitunguu thaumu ni chakula halali. Kama harufu ya chakula halali yatosha kumweka mtu kando na wenziwe kwa muda, moshi uzibao kifua cha mtoto wasemaje?

Wenzetu wengine, tulipowasimulia, walitaka marufuku kamili, mjini kote, leo hii, na wavutaji wakamatwe. Tuliwakumbusha mambo mawili. La kwanza ni la mbali: Sultan Murad IV alipiga marufuku tumbaku katika dola ya Uthmaniya mwaka 1633, na adhabu ilikuwa kifo. Watu waliuawa kweli, na tumbaku ikambakia mwenyewe akafa akaiacha. La pili ni la juzi: Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, kwa nia njema, na siku chache baadaye mahakama ikasimamisha agizo lile. Marufuku ikitolewa kwa haraka, mwenye biashara hukimbilia wakili na mzazi hubaki na mwanawe palepale.

Bustani, hata hivyo, ni jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti bustani za umma, fukwe na mahali pa burudani, na pia udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Hapana haja ya kungoja Nairobi. Sheria ndogo ya kaunti yaweza kusema kwa maneno yasiyo na mbishi: katika bustani na fukwe za umma, hakuna sigara, na hakuna vepu, na kila kimoja kitajwe kwa jina lake. Twasisitiza hilo la majina. Ufaransa ilipokataza uvutaji katika bustani, fukwe na vituo vya basi kuanzia tarehe 29 Juni 2025, iliziacha nje sigara za umeme. Mjukuu wetu angepelekwa bustani ya Paris angeinusa embe vilevile. New York yenyewe ilikataza sigara bustanini na ufukweni tangu 2011, na watu bado hukaa bustanini.

Na adhabu? Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi. Kijana auzaye kachri, ukimwambia faini ni shilingi 50,000, hataacha kuvuta. Atatafuta mia mbili za kumpa atakayemkamata, na sheria itageuka kitega uchumi cha mwenye kirungu. Sisi tungependa faini ndogo inayolipika, yenye risiti, na asiye nayo apewe ufagio na saa mbili za kuokota vichungi. Mabango yaandikwe kwa Kiswahili, yawekwe penye macho ya watu, si nyuma ya kibanda. Na mvutaji asifukuzwe kama mbwa. Aelekezwe nje ya bustani, ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo hauendi kwa watoto. Mzee mmoja muuza kahawa pale Mama Ngina, mvutaji wa siku nyingi, tayari hufanya hivyo bila ya sheria. Huliacha dele lake kwa jirani, huvuka barabara, humaliza haja yake, hurudi na kunawa mikono kabla ya kumimina. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema, "Wateja wangu wana watoto, sheikh."

Tumeandika barua kwa kaunti, na msikiti wetu umeitia saini pamoja na kina mama wa darasa la Jumatano. Barua haina matusi wala vitisho, ina kurasa mbili. Wasomaji watakaotaka kutia sahihi zao wataikuta nakala kwa imamu baada ya Ijumaa.

Jumapili iliyofuata tulirudi Mama Ngina, kwani watoto hawajui kususia. Mara hii tulitandika mkeka ukutani kabisa, upande wa upepo, mahali penye jua kali, ili moshi wa wengine uwe nyuma yetu. Chini ya mibuyu palikuwa na kivuli kizuri. Mama watoto alikitazama mara kadhaa, akamfunika mtoto kwa leso yake.

Yule kijana wetu hakuja madrasa wiki ile, wala wiki ya pili. Mahali pake safu ya mbele paliachwa wazi. Wanafunzi hawana amri ya kukaa hapo, lakini hakukaa mtu. Tulilala usiku mwingine tukijiuliza kama tungemkemea angeona kwamba mambo yamekwisha, na kama ni kule kunyamaza ndiko kulikomfukuza. Wiki ya tatu, Jumanne, aliingia akiwa amechelewa, akaketi nyuma kabisa. Hatukusema kitu. Zamu yake ilipofika alifungua msahafu na kuanza kusoma kwa sauti ile ile nzuri. Alifika kwenye aya ndefu ambayo zamani aliivuka bila kusimama, akaingia ndani yake kwa ujasiri, na katikati pumzi ikamwishia. Darasa likanyamaza. Akatutazama.

"Rudia kutoka mwanzo, mwanangu," tukamwambia. "Taratibu. Tunakusubiri."